Shemeji, deki na mimi: diski moja, picha mbili

Ubishi ulianzia kwenye mguu wa shemeji.

Kwenye video ya harusi yetu ya 2008 kuna mahali, dakika ya 52 hivi, shemeji yangu anajitosa katikati ya ukumbi, anajizungusha mara mbili, kisha anarusha mguu juu kwa madaha yote. Siku ya ubishi DVD ilikuwa kwenye kompyuta mpakato, waya wa HDMI umekwenda hadi kwenye TV. Mguu ulipopita, ulipita umechanikachanika: mistari myembamba ya kulala, mmoja umetangulia, wa pili umebaki nyuma, kama meno ya kitana. Shemeji akainuka kwenye kiti.

"Shem, hiyo kompyuta yako inanivunja mguu. Hebu weka kwenye deki."

Nikaweka kwenye deki. Mguu ukapita mzima.

Nilicheka pamoja na wengine, lakini usiku jambo lile lilinikaa kooni. Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu, na hakuna kinachonikera kama jumla mbili tofauti kutoka kwenye daftari moja. Diski ileile, TV ileile, picha mbili. Basi katikati ya njia kuna mtu anayefanya yake. Nimemsaka karibu miezi miwili, jioni baada ya jioni, na mume wangu sasa anajua maneno ambayo hakuomba kuyajua.

Shemeji alikuwa na jibu tayari. Kwake yeye, lenzi ya deki imetengenezwa kwa ajili ya sinema tu, ila ya kompyuta ni ya kubangaiza: leo inasoma nyaraka, kesho muziki, keshokutwa video. Ukiisikia mara ya kwanza hoja hiyo inaingia akilini. Nikaanza na hapo.

Nina draivu mbili, yaani visomaji vya diski vya kompyuta. Moja ni ya kuchomeka kwa USB, nyembamba kama daftari la shule. Nyingine imo ndani ya kompyuta ya zamani ya mezani. Nikachukua DVD nyingine ya nyumbani isiyo na mkwaruzo, nikainakili yote kwa draivu ya kwanza, nikainakili tena kwa ya pili, kisha nikaiambia kompyuta ipige hesabu ya md5 kwenye kila nakala. Hesabu hiyo inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 32, na ikitofautiana biti moja tu kati ya mabilioni, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Ilitoka sawasawa, mwanzo hadi mwisho.

Deki siwezi kuipima hivyo, maana haina mlango wa kutolea data. Lakini stoo kulikuwa na rekoda ya DVD iliyokufa siku nyingi. Nikaishika bisibisi. Chini ya bati nikakuta draivu ya kompyuta kabisa: waya bapa wa pini 40, soketi ya umeme ya pini nne, hata kibandiko chake mgongoni. Ilikuwa imevishwa tu koti la sebuleni. Nikaipiga picha, nikamtumia shemeji. Akajibu: "Hiyo ni rekoda, shem, siyo deki." Haya.

Enzi za kanda za VHS angekuwa na haki. Kanda ilibeba mawimbi, na kichwa cha mashine kikichakaa au kikiwa kichafu, picha ilififia na kujaa chenga. Ukibadilisha mashine, picha inabadilika. DVD imebeba namba. Leza nyekundu ya nanomita 650 inazisoma, zinakusanywa kwenye mafungu ya kilobaiti 32, na kila fungu limekuja na namba za ziada za kujirekebishia kwa hesabu ya Reed-Solomon, iliyobuniwa mwaka 1960. Fungu likirekebishika, linatoka vilevile lilivyoandikwa, kwenye draivu yoyote. Lisiporekebishika limepotea, na wewe unaona picha imevunjika vigae au imeganda. Hakuna fungu linalosomwa vizuri kuliko lingine kiasi cha kukupa nyeusi iliyokolea zaidi.

Kwa hiyo msomaji wa diski hakuwa mhalifu. Ikabidi nisogee hatua moja mbele, pale namba zinapogeuzwa kuwa picha.

Harusi yetu ilipigwa kwa kamera ya kanda za MiniDV. Kamera hizo, kwa kawaida yake, hazikupiga picha nzima 25 kwa sekunde. Zilipiga nusu 50. Nusu moja ni mistari ya witiri: wa 1, wa 3, wa 5. Nyingine, iliyopishana nayo kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, ni mistari ya shufwa: wa 2, wa 4, wa 6. Kati ya nusu moja na nyingine, mguu wa shemeji umeshasafiri. TV za kioo kinene hazikuona shida, zilizichora nusu hizo kwa zamu kama zilivyokuja, na jicho likamalizia. TV bapa inataka mistari yote kwa mpigo. Lazima basi pawepo mtu wa kuzifunga nusu mbili ziwe picha moja, na huyo ndiye niliyekuwa namtafuta.

Kwenye deki mtu huyo ni chipu. Kwenye kompyuta ni programu, na programu yangu, VLC, ilikuwa imezimiwa kazi hiyo. Nani aliizima? Nashuku ni mimi, siku fulani nikichezea mipangilio. Ikawa inazibandika nusu zote mbili pamoja, mguu wa sasa juu ya mguu wa punde, ndiyo yale meno ya kitana.

Menyu ya video ya VLC ina orodha ndefu ya njia za kuzifunga nusu. Nikazijaribu moja moja, kila mara narudi dakika ya 52, hadi mtoto akauliza kwa nini baba mdogo anacheza tu na hachoki. Ile inayoitwa Blend inazichanganya nusu mbili kama uji: meno yaliisha, lakini mguu ukapata mzimu unaoufuata. Bob inakuza kila nusu peke yake. Mwendo unakuwa laini ila mistari ya kulala inatikisika. Yadif inatazama picha ya nyuma na ya mbele kabla ya kukisia mistari iliyokosekana, na Yadif (2x) inafanya hivyo kwa kila nusu, kwa hiyo unapata picha kamili 50 kwa sekunde. Nilipoibonyeza hiyo, shemeji alizunguka kana kwamba yuko pale sebuleni.

Karibu hivyo. Kulikuwa na mtetemo mdogo ambao ungeweza kudhani ni kamera. Kompyuta ilikuwa inaichora skrini mara 60 kwa sekunde, na picha 50 haziingii kwenye nafasi 60 bila baadhi kurudiwa: katika kila picha tano, moja inaonyeshwa mara mbili. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrini nikaweka hezi 50. Mtetemo ukaondoka. Miaka yote nimekuwa nikiulaumu mkono wa mpiga video wa watu.

Hapo ndipo nilipoigeukia deki kwa jicho la mkaguzi. Mguu ulikuwa mzima, sawa, lakini mbona ukingo wa jukwaa, unaokatiza mshazari nyuma ya wachezaji, ulikuwa na vidaraja kama ngazi? Kwenye kompyuta ukingo huohuo umenyooka. Nikasimamisha picha pande zote mbili nikasogea karibu na kioo. Nyusi za mama, kamba za mapambo, herufi kwenye bango la majina yetu: kwenye deki vyote vilikuwa na ukungu na vidaraja.

Kwa dalili zote, deki yangu ikiambiwa itoe 1080p, yaani picha nzima za mistari 1080, inachukua nusu moja, inaitupa ya pili, halafu inaivuta iliyobaki ijaze nafasi. Kati ya mistari 576, unaangalia 288 iliyonyooshwa. Mguu wa shemeji ulikuwa mzima kwa sababu mwenzake ametupwa.

Nilimpigia simu saa hiyohiyo.

Lakini niwe mkweli kwa deki. Si zote zinazofanya hivyo. Zipo zilizosifika kwa chipu zake, kama zile za Oppo kabla hawajaacha kuzitengeneza mwaka 2018. Na hata hii yangu ilikuwa na njia ya kujitetea ambayo sikuwahi kuifungulia. Kwenye mipangilio yake nikabadilisha 1080p kuwa 576i, maana yake: usifunge chochote, zipeleke nusu kama zilivyo, TV itajua. TV ikazifunga yenyewe, vizuri kuliko deki, ingawa bado nyuma kidogo ya Yadif. Miaka yote nilikuwa nimeweka 1080p kwa kuamini kwamba namba kubwa ndiyo picha nzuri. Diski yenyewe ina pikseli 720 kwa 576. Swali la 1080p ni nani anazikuza pikseli hizo, deki au TV, na umwache afanye mwenye uwezo.

Ushindi wa kompyuta ulidumu hadi mume wangu alipokaa kutazama.

"Hili shimo ndilo koti langu?"

Koti lake lilikuwa jeusi, ndiyo, lakini lilikuwa na mikunjo, mifuko na vifungo. Kwenye TV likawa giza tupu lenye kichwa juu. Na gauni langu, ambalo lina nakshi za shanga kifuani nilizozilipia kwa uchungu, lilikuwa shuka jeupe. Maharusi ni kipimo kizuri sana cha TV: nusu nyeusi, nusu nyeupe, wamesimama pamoja.

Hesabu yake ni hii. Kwenye video ya diski, nyeusi imewekwa kwenye namba 16 na nyeupe kwenye 235. Kompyuta katika shughuli zake za kawaida huhesabu nyeusi kuwa 0 na nyeupe kuwa 255. Kadi ya picha ya kompyuta yangu ilikuwa inavuta video hadi ijaze 0 mpaka 255, kisha inaituma kwa TV inayosubiri 16 mpaka 235. TV ikaona kila kilicho chini ya 16 ni giza, kila kilicho juu ya 235 ni mwanga, ikakata. Mikunjo ya koti ilizama chini, shanga zangu ziliungua juu. Kinyume chake pia hutokea: TV ikitarajia 0 mpaka 255 na kuletewa 16 mpaka 235, nyeusi inakuwa jivu na picha nzima inaonekana imefuliwa mara nyingi. Dawa ni kuzifanya pande mbili zikubaliane, ama kwenye mipangilio ya kadi ya picha, ama kwenye TV. Rekebisha upande mmoja tu. Nilirekebisha zote mbili, nikapata jivu.

Deki haikuwahi kunisumbua kwa hili hata siku moja. Imezaliwa ikiongea lugha ya TV.

Ila deki nayo ilikuwa inatunenepesha. Pikseli 720 kwa 576 haziwi 4:3 (umbo la TV za zamani) wala 16:9 (umbo la TV pana); pikseli za DVD si za mraba, na diski hubeba alama inayosema picha ivutwe kwenye umbo gani. Harusi yetu ni 4:3. VLC iliisoma alama, ikaacha weusi kushoto na kulia. Deki ilikuwa imeambiwa TV ni pana, ikaivuta picha mpaka kwenye kingo, na kila mtu akaongezeka theluthi ya upana wake. Dada yangu alikuwa ameacha kuitazama video hii kwa sababu hiyo. Nilipomwonyesha ya kompyuta alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa mwembamba hivi." Ndani ya deki kulikuwa na kipengele cha kurekebisha, kimefichwa kwenye menyu ya tatu.

Kwenye Blu-ray sibishani na mtu. Diski hizo zilipoingia sokoni mwaka 2006 zilikuja na pikseli 1920 kwa 1080, na sinema zake nyingi huhifadhiwa picha nzima 24 kwa sekunde, hakuna nusu za kufunga. Kazi ngumu yote niliyoieleza hapo juu haipo. Deki inazituma picha 24 moja kwa moja kwenye TV, na sauti inakwenda kwenye spika ikiwa kamili. Kompyuta inaanza kukudai: Windows haikuwahi kuja na uwezo wake yenyewe wa kucheza Blu-ray (hata wa DVD uliondolewa kwenye Windows 8, mwaka 2012), sinema zimefungwa kwa kufuli ya AACS, na programu za kulipia zinataka kusasishwa kila mara. Kwa diski za 4K ni mbaya zaidi. Ili kompyuta izicheze kwa njia rasmi ilihitaji kitu cha ndani ya prosesa kiitwacho SGX, na Intel wamekiondoa kwenye prosesa zao za Core tangu kizazi cha 11. Kompyuta mpya inashindwa kufanya ilichoweza ya zamani. Nunua deki, kaa chini.

Na kelele. Draivu ya mezani ikishika kasi ya 16x, diski inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na wakati wa dua unasikia helikopta. Deki inazunguka taratibu, inasoma inachohitaji tu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kompyuta iliniokolea na deki isingeweza. Diski yenyewe ya harusi ilikuwa imeanza kufa.

Ni DVD-R ya kuchoma, na diski za kuchoma hazina vishimo vilivyopigwa kiwandani. Data imeandikwa kwa kuunguza tabaka la rangi, na rangi huchoka. Ongeza na watoto walioishika. Kwenye dakika ya 71 deki ilikuwa inaganda, inakoroma kidogo, halafu inaruka hadi dakika ya 74. Nilijaribu kuifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, maana mkwaruzo unaofuata njia ya data kwa duara ni mbaya kuliko unaoikata. Haikusaidia.

Deki ina tatizo moja lisilo kosa lake: haiwezi kusubiri. Picha lazima iendelee, kwa hiyo ikikuta fungu gumu inajaribu mara chache, inakata tamaa, inaruka. Kompyuta haina haraka na mtu. Niliiwekea programu ya ddrescue, ambayo inanakili kwanza yote yanayosomeka kirahisi, inaandika orodha ya yaliyogoma, kisha inayarudia moja moja usiku kucha. Asubuhi ya kwanza draivu ya USB ilikuwa imebakiza mafungu 190. Nikaihamishia diski kwenye draivu ya mezani na kuendelea na orodha ileile. Na hapa, baada ya kumshinda shemeji kwa md5, ikabidi nimrudishie kitu: kwenye diski nzima draivu zote ni sawa, kwenye diski mgonjwa hazifanani hata kidogo. Ile kongwe, yenye kelele, ilisoma mafungu ambayo ile mpya ilikuwa imeyakataa usiku kucha. Usiku wa pili yalibaki 11. Usiku wa tatu, mawili.

Mawili hayo hayajarudi mpaka leo. Ni kilobaiti 64, na kwa kasi ya video ile ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini picha za DVD hutegemeana; nyingi zimeandikwa kama tofauti na ya jirani yake, na kundi moja huwa na picha 12 hivi. Moja ikiumia, vigae vinatapakaa hadi kundi liishe. Kwa hiyo ni karibu nusu sekunde ya kuvunjika, na sauti inakatika ndani yake.

Sasa mpangilio wa nyumbani uko hivi. Deki bado iko chini ya TV, imewekwa 576i kwa DVD (Blu-ray naibadilishia 1080p), umbo limerekebishwa, kwa ajili ya Blu-ray na kwa ajili ya mama, ambaye anataka rimoti yenye kitufe kimoja. Harusi iko kwenye kompyuta, nakala tatu, Yadif (2x), hezi 50. Koti lina vifungo. Shanga zangu zinahesabika.

Jumapili shemeji alikuja, tukaicheza yote. Dakika ya 52 akasimama, akajitazama akizunguka, akakiri kwamba mguu uko sawa. Tukaendelea. Dakika ya 71 ni hotuba yake. Anainua kipaza sauti, anamgeukia kaka yake, anasema, "Ndugu yangu, leo umempata mwanamke mwenye—", vigae vikajaa uso mzima, na akatokea upande wa pili watu wakipiga makofi.

"Mwenye nini?" nikamuuliza.

Akasema hakumbuki. Kisha akaomba tujaribu kwenye deki.